Theluji ya jioni inatoka kijivu na picha hazina makali, nakosea wapi?

Kivulicha18
Wakuu, napiga mandhari ya theluji jua likishazama, anga linapoanza kuwa buluu. Kwa macho theluji inang'aa, kwenye picha inatoka kama majivu, na ile buluu haipo. Nyingi hazina makali ingawa natumia tripodi. Mpangilio: A (nachagua tundu la lenzi, kamera inachagua kasi ya shata), f/16 (tundu dogo), ISO 800 (wepesi wa kuhisi mwanga), mizani ya weupe otomatiki. Betri nayo inakata mapema.

Lenzi50
Majivu hayo ni ya kipima mwanga. Kamera hudhani kila fremu ina mng'ao wa wastani. Ikikutana na weupe mtupu inaupunguza. Jua likiwa ndiyo kwanza limezama, weka fidia ya mwangaza (kuiambia kamera iongeze mwanga) +1, na theluji ikijaza fremu +1⅔. Namba hiyo usiende nayo hadi gizani. Utusitusi ukikolea theluji haipaswi kuwa nyeupe pe. +⅓ inatosha, ukizidisha unapata picha ya mchana wenye mawingu. Fungua histogramu (grafu ya mwanga, giza kushoto na weupe kulia) ya rangi tatu, si ile ya jumla, maana buluu ndiyo hugonga ukuta wa kulia kwanza.

Mizani otomatiki inaiona buluu kama kosa na kuisahihisha. Weka mizani kwa mkono, kelvini (kipimo cha rangi ya mwanga) 4500 hadi 5200, upige RAW (faili ghafi ya kamera) ili urekebishe baadaye. Ukishuka chini ya 4000 theluji inakuwa buluu kama wino.

Miguu_Mitatu
Nyongeza kuhusu makali. f/16 yenyewe hulainisha picha, mwanga hutawanyika ukipita kwenye tundu dogo. Rudi f/8, ISO 100. Shata itafika sekunde kadhaa, hata 20, hakuna shida tripodi ikiwa imetulia. Na hapo ndipo penye tatizo: theluji laini hudidimia polepole chini ya miguu wakati shata iko wazi. Usiipanue miguu hadi mwisho kisha ukaikandamiza, kwenye theluji ya kina hutanuka zaidi na viungo hupasuka. Ipanue nusu tu, sukuma hadi iguse tabaka gumu, itajipanua yenyewe ikizama.

Zima kidhibiti mtikisiko, weka taima ya sekunde 2. Fokasi otomatiki hutangatanga kwenye weupe usio na mistari, kwa hiyo ilenge kwenye ukingo wa shina jeusi, halafu hamia fokasi ya mkono na pete usiiguse tena. Pima mwanga upya kila dakika mbili tatu, unashuka haraka kuliko macho yanavyokuambia.

Kivulicha18
Shukrani wakuu. Na theluji ikiwa inaanguka?

Lenzi50
Kwa sekunde 8 chembe zote zinapotea, unabaki na ukungu tu. Ukitaka michirizi jaribu 1/30 ya sekunde, hapo itabidi ISO ipande na chenga (punjepunje kwenye picha) uzivumilie.

Miguu_Mitatu
Betri: baridi hupunguza nguvu inayoweza kutoa. Kaa na ya pili mfuko wa ndani, karibu na mwili, uwe unabadilisha. Iliyosoma sifuri ikipata joto mara nyingi huamka tena.

Usipulizie lenzi kuondoa theluji, pumzi inaganda palepale, tumia brashi. Kabla ya kuingia ndani toa kadi, kisha ifungie kamera kwenye mfuko wa plastiki ukiwa bado nje. Iache humo saa moja au mbili hadi ipate joto la chumba, ili unyevu utue juu ya plastiki badala ya kwenye vioo vya lenzi.