Mada: Barua ya ploti, nimepewa siku 28

Kutoka: Mama Mapacha

Shikamooni wakubwa, wengine poleni na baridi.

Ploti ya kaunsili, yaani kipande cha bustani wanachokodisha hapa Uingereza, nimeisubiri miaka minne. Oktoba nikapata nusu, yaani pole 5 kwa vipimo vyao vya ajabu. Sijawahi kulima. Nimekulia ghorofani, jembe nimelishika shuleni tu, tena kwa adhabu. Novemba nikapanda kitunguu saumu mistari minne, kwingine nikafunika maboksi na turubai jeusi ili magugu yafe, kama alivyonielekeza mzungu wa ploti ya jirani. Jana imekuja barua: ploti "haijalimwa", nina siku 28, la sivyo NTQ, yaani notisi ya kuondoka.

Swali langu: kitunguu kilicho ardhini, chenye majani ya urefu wa kidole, kinahesabika au hakihesabiki? Na nijibu kwa barua au kwa ile fomu yao ya mtandaoni? Maana haina pa kuweka picha.

Imeniuma kweli. Desemba yote, kila Jumamosi, nilikuwa nachokoa udongo kwa kidole nione kama kuna kitu. Punje mbili niliziua kwa kuzichungulia. Mwisho nikajikataza, nikawa nafika, nasimama na mabuti yangu, nasali, narudi nyumbani. Januari katikati vikatokeza. Nililia jamani, mtu mzima. Sasa huyu mkaguzi alipita ploti gani?

Kutoka: Mzee wa Luton

Marahaba mwanangu, na pole. Usiogope. Sheria ya ploti hizi ya 1908 inasema lazima wakupe notisi ya miezi 12, na iishe kabla ya 6 Aprili au baada ya 29 Septemba. Waandikie hivyo tu, watanywea.

Sisi kule Tanzania tulilelewa na Siasa ni Kilimo, 1974. Mtoto wa darasa la tano alikuwa anajua tuta ni nini. Leo vijana wanamwogopa karani wa bustani.

Kutoka: Fundi Baiskeli

Mzee shikamoo, lakini usimpoteze dada yetu. Notisi ya miezi 12 na hizo tarehe ni za sheria ya 1922, ilivyorekebishwa 1950, pale wanapokutoa bila kosa. Wakidai umevunja masharti, ile ya 1908 inawaruhusu notisi ya mwezi mmoja, ilimradi umeshakaa miezi 3. Yeye ana minne. Halafu barua yake ni onyo, bado si NTQ. Someni kabla ya kujibu.

Na Siasa ni Kilimo ni Azimio la Iringa, 1972. Ya 1974 ni Kilimo cha Kufa na Kupona.

Dada, jiunge na NAS, chama cha taifa cha wenye ploti, wanachama wanapewa ushauri wa kisheria. Mimi shida yangu haikuwa magugu. Ofisi ya ploti ilitaka uthibitisho wa makazi, nikawapa bili ya council tax. Jina la bili ni moja, la pasi ni mawili, la eVisa, kile kibali cha ukaazi cha mtandaoni, wamegeuza, la baba limekaa mbele. Enzi za BRP, kibali cha zamani, walau ulikuwa na kadi ya kumwonyesha mtu. Miezi mitano nabishana nani ni nani, huku ploti yangu inaota miiba.

Kutoka: Mzee wa Luton

Wewe umesoma, mimi nimelima. Nilikuwepo. Iwe 72, iwe 74, mvua haikunyesha, mahindi ya shule yalikauka mbele ya macho yetu na bado tukaambiwa tuimbe. Ikaja Kilimo Kwanza 2009, nilikuwa tayari huku. Nikampigia marehemu kaka yangu nimuulize trekta limefika. Akacheka mpaka vocha ikaisha.

Kutoka: Shangazi wa Leeds

Waacheni hao, mwanangu. Mzee na Fundi kila mwaka ni hivi hivi.

Nikwambie la kitunguu. Kile kinataka baridi. Kisipopigwa na baridi ya kutosha hakigawanyiki punje, kinabaki bonge moja kama kitunguu maji. Mwaka wangu wa kwanza nilikihurumia nikakipanda ndani, dirishani juu ya hita. Nilipata vigololi! Kwa hiyo hiyo jalidi unayoilaani asubuhi ndiyo inayokifanyia kazi.

Ulivyosali umefanya vizuri. Sisi tumefundishwa kwamba Muislamu akipanda, akala ndege, akala mtu, akala mnyama, anaandikiwa sadaka. Koa wa hapa wamenitajirisha thawabu, maana mchicha wangu wote waliula wao.

Mchicha usiutoe nje mpaka mwishoni mwa Mei. Mimi nina mbegu, mdogo wangu aliniletea kwenye kopo la tangawizi.

Kutoka: Fundi Baiskeli

Shangazi, futa hiyo sentensi ya mwisho. Mbegu za kupanda kutoka nyumbani zinataka cheti cha afya ya mimea, na humu tuko watu mia mbili.

Kutoka: Shangazi wa Leeds

Basi ilikuwa tangawizi.

Kutoka: Mama Mapacha

Asanteni wote, nimecheka baada ya siku nyingi. Shangazi, hilo la baridi sikulijua. Nimetoka huko sasa hivi, nimevihesabu: 61. Turubai nimeliondoa upande unaoonekana kutoka njiani, nikalima tuta moja, mgongo sina.

Lakini jamani, zimebaki siku 23. Barua au fomu?

Kutoka: Mzee wa Luton

61 kwa mistari minne? Uliviachia nafasi kiasi gani?

Kutoka: Kijana wa Reading

Habari zenu, mimi mgeni humu. Shangazi, ile tangawizi imebaki? Na kuna mwenye mnavu?