Kuna kasuku haruki kabisa? Na mbona mbuni haruki na simba hawajammaliza?

Dereva_Kaskazini (Arusha)

Wadau habari za jioni. Naomba mwenye kujua anisaidie maana hii kitu tumebishana kijiweni mpaka watu wamenyanyuka bila jibu.

Mimi naendesha wageni. Leo nilikuwa hifadhi ya Tarangire na wazee wawili, mtu na mkewe, wametokea New Zealand, tukasimama kwenye mbuyu mmoja umejaa vile vikasuku vya kijani vyenye kichwa cheusi na kola ya njano, mama akavifurahia kweli kweli afu akaniambia kwao wana kasuku mkubwa haruki kabisa, anatembea kwa miguu usiku, na uzito wake unafika kilo nne. Kilo nne kasuku! Jogoo wa kienyeji wengi hawafiki huko. Akasema wamebaki wachache mno, wanahesabika mmoja mmoja.

Sasa wenzangu wanasema wameisha kwa sababu hawaruki, basi. Mimi hapo ndo nakwama. Mbuni wetu naye haruki, yuko katikati ya simba, duma, fisi, na tunamuona kila siku anadunda. Kwa nini huyu aponee na yule aishe?

La pili, kesho kutwa nawapeleka ziwa Natron afu tunamalizia ziwa Eyasi. Hawa wazee wanapenda ndege kuliko simba. Ndege gani wa huku niwaeleze vizuri, na sitaki kuwapa maneno ya kubahatisha.

Mwl_Bailojia_Moshi

Mkuu, huyo mama kakwambia kweli tupu. Anaitwa kakapo, ndiye kasuku pekee duniani asiyeruka na ndiye mzito kuliko wote, dume likishiba msimu mzuri linafika hizo kilo 4. Rangi yake kijani yenye madoa madoa, uso mpana unaofanana na wa bundi, na shughuli zake zote usiku.

Swali lako la mbuni ni zuri sana na wengi huwa hawaliulizi. Tuanze na kwao. New Zealand imekaa baharini peke yake mamilioni ya miaka, na kabla ya watu kufika, mnyama wa kunyonyesha pekee aliyekuwa anaishi nchi kavu kule ni popo. Hakuna paka, hakuna panya, hakuna mbweha wala nguchiro. Na kuruka kuna gharama, lazima misuli ya kifua iwe mikubwa na mwili uwe mwepesi, kwa hiyo kama chini hakuna wa kukukamata na chakula kiko huko huko chini, ndege anayebaki chini akajiwekea mafuta anafaidi kuliko anayehangaika hewani. Vizazi na vizazi mabawa yakafupika, hata ule mfupa wa kidari unaoshika misuli ya kuruka ukapungua. Miguu ndo ikapata nguvu. Anapanda mti mrefu kwa kucha na mdomo, akitaka kushuka anatanua mabawa anajiachia, anatua chini kwa kishindo lakini salama.

Sasa sikiliza hapa ndo pana jibu lako. Maadui aliokuwa nao walikuwa juu, tai na jamaa zao, wanaowinda kwa macho. Kakapo akihisi hatari anaganda, hatikisiki hata unyoya, na ule ukijani unamficha kwenye majani. Kwa tai hiyo mbinu inafanya kazi vizuri sana. Wakaja Wamaori, watu wa kwanza kuhamia kule, na panya na mbwa, baadae Wazungu na paka, na miaka ya 1880 wakaleta mnyama mdogo jamii ya kicheche ili apunguze sungura ambao nao waliletwa na haohao. Hawa wote wanatumia pua. Na kakapo ananukia, ana harufu nzito ya utamu tamu inayobaki hata pale alipopita. Kwa hiyo paka anafuata harufu anamkuta ndege ameganda palepale anamsubiri. Juu ya hapo jike analea peke yake, kiota kiko chini kwenye shimo au kwenye mzizi, na usiku lazima aache mayai akatafute chakula.

Halafu kuzaliana kwao ni kwa taratibu mno. Dume anachimba kibakuli kwenye udongo juu ya kilima, anakitunza, anaondoa majani na vijiti vyote, usiku anakaa humo anavuta hewa mpaka anavimba kifua chote afu anatoa mvumo mzito, buum, buum, buum, masaa 8 kwa usiku mmoja, miezi miwili mitatu mfululizo, sauti inaweza kufika kilomita 5. Jike anasikia huko aliko anakuja kwa miguu kuchagua. Lakini haya yote hayafanyiki kila mwaka, ni kila miaka 2 hadi 4 pale mti wao mmoja uitwao rimu unapozaa kwa wingi, kwa kuwa matunda yake ndo wanalishia vifaranga. Ndege wa namna hii ukimletea paka hawezi kufidia wanaokufa. Mwaka 1995 walikuwa wamebaki 51 tu dunia nzima.

Mama_Safari_UsaRiver

Mwalimu ametupa darasa, asante sana. Mimi niongeze upande wa mbuni maana nimeongoza wageni muda mrefu na huyu ndege watu wanampita tu, wanataka chui.

Kaka yangu Dereva, mbuni yeye hajawahi kuishi mahali pasipo na adui. Kakua na simba na fisi hao hao, kwa hiyo kilichotoka kwenye mabawa kimeenda kwenye miguu na macho. Jicho lake lina upana wa karibu sentimita 5, hakuna mnyama wa nchi kavu mwenye jicho kubwa kuliko hilo, afu limewekwa juu ya shingo ndefu, anaona vumbi la fisi kabla pundamilia hajashtuka. Ndo maana unamkuta kachanganyika na nyumbu na pundamilia. Akiamua kukimbia anafika kilomita 70 kwa saa na vidole vyake ni viwili tu kila mguu, kimoja kina ukucha mkubwa, akibanwa anapiga teke la mbele na hilo teke linaua. Dume lina zaidi ya kilo 100. Kwa hiyo usilinganishe kutoruka kwa mbuni na kutoruka kwa kakapo, ni vitu viwili tofauti kabisa.

Waonyeshe wageni wako na zamu za kuatamia. Mchana anakaa jike, ana rangi ya vumbi haonekani, jioni giza likiingia anakuja dume jeusi anakaa usiku. Mayai yenyewe moja linakaribia kilo moja na nusu na ganda lake gumu sana, na hapa kuna kitu nakipenda mno, kuna tumbusi mmoja mdogo mweupe mwenye uso wa njano, wanamwita tumbusi wa Misri, mdomo wake hauwezi kuvunja hilo ganda basi anaokota jiwe kwa mdomo, ananyoosha shingo, analibamiza kwenye yai, anaokota tena anabamiza tena mpaka lipasuke. Jane Goodall, yule mtafiti wa sokwe, na mpiga picha Hugo van Lawick waliandika hiyo habari mwaka 1966 baada ya kuwaona hapahapa Tanzania. Siku hizi kumpata ni bahati, wamepungua sana, ukimuona simamisha gari muda wowote ule.

Longido_Kwetu

Natron niachieni mimi. Mkuu usiwaambie tu kwamba kuna flamingo wengi, waambie kwamba karibu robo tatu ya flamingo wote duniani wa ile aina ndogo (lesser flamingo) wanazaliwa kwenye lile ziwa moja chini ya mlima wa volkano wa Ol Doinyo Lengai. Na sababu inaingia humohumo kwenye mada ya mwalimu. Yale maji ni magadi, yanaunguza, matope yake ya moto, fisi au mbweha akijaribu kuvuka atajuta. Flamingo ana miguu yenye ngozi ngumu yeye anapita. Anaenda katikati kabisa anajenga kichuguu cha tope, juu anaweka kishimo, yai moja tu. Kwa hiyo wamejitafutia kisiwa chao hapohapo bara ambako wanyama wote wakali wapo.

Na ule uwaridi wao unatokana na chakula, kuna vijimea vidogo sana kwenye maji ya magadi ndo wanachuja kwa mdomo wakiwa wameinamisha kichwa juu chini. Kifaranga anazaliwa wa kijivu, muonyeshe mama ataelewa haraka.

Kitu kinachoniuma mimi ni kwamba mahali pa kuzalia ni hapo, mbadala hakuna wa kueleweka. Watu wakivuruga yale maji, kwa kiwanda au kwa kukausha mito inayoingia, flamingo wanaoonekana kwenye maziwa ya Nakuru, Bogoria na Manyara nao wanapotea. Wageni wasiende kutembea karibu na viota, na usikubali mtu arushe droni pale. Ndege wakishtuka wanaacha mayai wote kwa pamoja.

Mzee_wa_Nyuki (Karatu)

Eyasi wape habari ya ndege wa asali. Wahadzabe, wale wawindaji wa pale, wanampigia mluzi, naye anakuja anaita anatangulia mti hadi mti mpaka kwenye mzinga wa porini, watu wanafukiza moshi wanatoa asali, ndege anakula nta. Hajafugwa wala hajafundishwa na mtu. Watafiti walijaribu pale kwenye vilima vya Kidero wakachapisha mwaka 2023, wakapiga mluzi wa Kihadzabe na mlio wanaotumia Wayao wa Msumbiji, ndege wa Eyasi wakaitikia mluzi wa kwao zaidi ya mara tatu ya ule mgeni. Kule Msumbiji ikawa kinyume chake. Kwa hiyo ndege wa kila mahali wanajua lugha ya watu wao.

Dereva_Kaskazini (Arusha)

Dah nashukuruni wote kutoka moyoni, mwalimu shikamoo, mama Usa River shikamoo. Nimeandika kwenye daftari kila kitu. Kuna kitu kimoja kimebaki, hao 51 waliobaki ilikuwaje, wameongezeka? Na mtu akienda New Zealand anaweza kuwaona kama sisi tunavyowaona hawa wa kwetu? Maana yule mama alisema hajawahi kumuona hata mara moja na amezaliwa kule.

Mwl_Bailojia_Moshi

Marahaba kijana. Ni kweli, wenyeji wengi kule hawajawahi. Kakapo wote walihamishiwa kwenye visiwa vidogo ambavyo paka, panya na vicheche vimesafishwa kabisa, kimojawapo kinaitwa Whenua Hou, na haviingiliki bila kibali.

Wameongezeka. Mwaka 2022 walifika 252. Kila mmoja ana jina lake na amefungwa kifaa cha redio mgongoni, wanajua nani kalala wapi. Msimu wa kuzaa watu wanakesha karibu na viota, mayai mengine wanayachukua wanayaweka kwenye mashine ya kutotolesha, kifaranga anayedhoofika analishwa kwa mkono. Shida kubwa iliyobaki ni undugu. Karibu wote wanatokana na kundi moja la kisiwa cha Stewart, kusini mwa New Zealand, na mayai mengi hayana mbegu. Ndo maana dume mmoja aliyepatikana mbali na hao, Fiordland, kusini-magharibi mwa New Zealand, mwaka 1975, wakamwita Richard Henry kwa kumkumbuka mtu aliyewahamisha kakapo visiwani tangu miaka ya 1890, alikuwa lulu. Alizaa na jike aitwaye Flossie vifaranga watatu, na damu yake ya Fiordland imebaki kupitia hao. Alikufa mwaka 2010.

Na visiwa vimeanza kujaa. Mwaka 2023 walijaribu kuwarudisha wachache kwenye kisiwa kikubwa wanachoishi watu, katika msitu wa Maungatautari, uzio wa kilomita 47 kuzunguka mlima mzima, wa kuzuia hata panya. Nimekwambia wanapanda miti, baadhi yao walipata njia ya kutoka nje ya uzio ikabidi wafuatwe kwa ile redio na wengine warudishwe kisiwani, kwa hiyo kazi iliyofuata ikawa kuangalia huo uzio ufanyweje.