Kompyuta ya gemu kwa kijana, bajeti pauni 500: tununue vipande gani?

Kutoka: Dada yenu, Reading

Wanajumuiya, salaam aleikum na shalom kwa wote.

Naomba msaada wa wanaojua kompyuta. Kijana wangu ana miaka 14. Amekuwa akiweka hela zake za Idi na za kuosha magari ya majirani, mimi na baba yake tukaongezea, sasa zimefika pauni 500. Anataka mashine ya kuchezea Fortnite, Minecraft na mpira wa EA. Mimi nataka ifae na masomo pia, maana mitihani ya GCSE ya sekondari haipo mbali. Skrini ya 1080 tunayo tangu wakati wa korona, kibodi na mausi vipo.

Nimeona tangazo mtandaoni: kompyuta ya gemu, i7, RAM 16, kadi ya Nvidia, taa za rangi, pauni 330. Kijana hataki hata kuisikia, anasema atanunua vipande avifunge mwenyewe. Baba yake anaona huko ni kujitafutia shida. Nauliza: i7 si ndiyo kubwa kuliko i5? Na mtoto wa umri huu ataweza kuifunga bila kuunguza kitu?

Ahsanteni.

Kutoka: Kaka wa Coventry

Dada, salama. Mpe kijana hongera zangu, na mwambie baba yake kwamba mtoto amesema kweli.

Kwanza hilo tangazo. Neno "i7" peke yake halikuambii kitu, kwa sababu Intel wameuza prosesa (ubongo wa kompyuta) zenye jina hilo tangu 2008. Kinachosema ni tarakimu zinazofuata. i7-3770 ni ya kizazi cha 3, ilitoka 2012. i3-12100 ni ya kizazi cha 12, ilitoka 2022. Zote mbili zina kori (vitengo vya kuchakata) 4, lakini hiyo i3 inaiacha i7 ile mbali sana kwenye gemu. Kwa hiyo mwandikie muuzaji, muombe namba kamili ya prosesa na namba kamili ya kadi ya grafiki. Akikwepa kujibu, achana naye. "Kadi ya Nvidia" nayo inaweza kuwa GT 710, ambayo kazi yake ni kuwasha skrini tu.

Kuna jambo zito zaidi. Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inataka chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0, na kwa upande wa Intel inakubali rasmi kizazi cha 8 kwenda mbele. Kwa AMD, washindani wa Intel, ni Ryzen 2000 kwenda mbele. Zipo njia za kuilazimisha kwenye mashine kongwe, lakini mtoto anayeshinda mtandaoni na wageni sitaki atumie kompyuta ya kulazimisha. Na Fortnite haichezeki kwenye Linux, ule mfumo wa bure, kwa hiyo Windows haikwepeki. Leseni yake iingie kwenye hesabu tangu mwanzo. Faili ya kusakinishia Microsoft wanaitoa bure, kinacholipiwa ni leseni.

Sasa vipande. Watu wengi huanza na prosesa kisha hela zikawaishia kabla ya kufika kwenye kadi. Geuza. Kwenye kompyuta ya gemu, kadi ya grafiki ndiyo inayochora kila unachokiona, kwa hiyo tenga kwanza fedha ya kadi, baina ya theluthi na nusu ya bajeti yote, halafu vingine vigawane kinachobaki.

Kwa skrini ya 1080 na gemu alizotaja, mimi ningetafuta Radeon RX 6600 iliyotumika. Ilitoka Oktoba 2021, ina memori ya GB 8, inakula wati 132 tu na inataka waya mmoja wa pini 8. Ulaji mdogo wa umeme una maana kubwa, maana unakuruhusu kununua pawa saplai (kisanduku cha kugawa umeme) ya kawaida na hauigeuzi kesi, yaani kasha la kompyuta, kuwa jiko. Akipata GeForce RTX 3060 kwa bei nzuri, achukue, ila ahakikishe ni ile ya GB 12. Ipo nyingine yenye jina lilelile na GB 8, nayo ni dhaifu zaidi kuliko tofauti ya memori inavyoonyesha.

Aikwepe RX 6500 XT ya GB 4. Imeunganishwa na madabodi (bodi kuu inayobeba vipande vyote) kwa njia 4 tu, na ukiichomeka kwenye madabodi yenye tundu la kadi la zamani, PCIe 3, inashuka vibaya. Kuna pia RX 580 za bei ya kutupa kutoka ng'ambo; ukisoma vizuri utakuta imeandikwa 2048SP. Hiyo siyo RX 580 kamili, imepunguzwa nguvu. Watamsifia pia Intel Arc B580, ya Desemba 2024, yenye GB 12. Ni kadi nzuri, sibishi, lakini inategemea kitu kinachoitwa Resizable BAR (prosesa kuifikia memori yote ya kadi kwa mara moja) na inapungua kasi ikikaa na prosesa za kizamani au za bei ya chini. Kwa bajeti hii naiacha.

Prosesa: Ryzen 5 5600. Kori 6, wati 65, na ikiwa mpya kwenye boksi inakuja na feni yake inayotosha. Inakaa kwenye soketi (tundu la prosesa kwenye madabodi) ya AM4. Najua soketi mpya ni AM5, tangu 2022, na vijana wote wanaitaka. Lakini AM5 inakubali RAM (memori ya kufanyia kazi) ya aina mpya, DDR5, peke yake, na tangu mwishoni mwa 2025 bei za RAM zimepaa kwa sababu viwanda vinapeleka chipu zake kwenye vituo vya data vya akili bandia. DDR4, ile ya AM4, nayo imepanda, ila sokoni zimejaa zilizotumika, kwa kuwa watu wengi wanahama. RAM ni kitu ambacho sina wasiwasi kukinunua mkononi mwa mtu: ama inafanya kazi ama haifanyi, na ukiipima usiku mmoja kwa programu ya MemTest86 utajua.

Achukue vijiti viwili vya RAM vya GB 8, kasi 3200. Viwili, siyo kimoja cha GB 16. Prosesa huzungumza na vijiti viwili kwa wakati mmoja, na kwenye gemu utaiona tofauti.

Madabodi iwe B550 ikiwezekana, maana inatoa PCIe 4, tundu la kadi lenye kasi zaidi. B450 iliyotumika nayo inafaa, ila zile za mwanzo hazitambui Ryzen 5000 mpaka BIOS yake (programu ya kuwashia iliyo ndani ya madabodi) isasishwe. Muulize muuzaji: je, ilishawahi kuwaka na Ryzen 5000? Asipojua, tafuta yenye kitufe cha kusasisha BIOS kwa flashi bila prosesa kuwemo.

Hifadhi ya faili: SSD ya M.2 ya TB 1, mpya. Ukiona ya TB 16 kwa pauni 20, huo ni wizi wa wazi.

Hapa kwenye pawa saplai naomba tuelewane, kwa sababu ndipo watu wanapobana pauni 20 na kuhatarisha 480. Hiki ndicho kipande kinacholisha vingine vyote. Kikifa vizuri, kompyuta inazima tu. Kikifa vibaya, kinaondoka na madabodi na kadi. Nunua mpya, wati 550, ya kampuni inayojulikana, yenye dhamana ya miaka mitano au zaidi. Nembo ya 80 Plus Bronze inaeleza jinsi isivyopoteza umeme, haielezi kama imetengenezwa vizuri, kwa hiyo soma uchambuzi wa modeli yenyewe. Usiikubali ile isiyo na jina inayokuja bure ndani ya kesi. Na kama waya zake zinachomoka, zibaki na saplai hiyohiyo. Waya za saplai nyingine zinaweza kuingia vizuri kabisa huku mpangilio wa pini ukiwa tofauti, na hapo vitu huungua kwa sekunde moja.

Kesi, yoyote yenye wavu mbele na feni mbili. Taa za rangi atanunua siku nyingine.

Kuhusu kununua vilivyotumika: dukani, sheria ya Uingereza ya haki za walaji ya 2015 inakupa siku 30 za kurudisha kitu kibovu na kudai fedha yako yote, na ukinunua mpya au kilichotumika kwa mfanyabiashara mtandaoni una siku 14 za kughairi bila sababu. Ukilipa kwa kadi ya mkopo kitu cha zaidi ya pauni 100, benki nayo inawajibika pamoja na muuzaji. Mtu binafsi hadaiwi hayo yote, anadaiwa tu kitu kiwe kama alivyokieleza. Kwa hiyo kadi ya grafiki ya mtu binafsi mkaione ikicheza gemu nyumbani kwake, robo saa nzima, msikilize feni, mtazame kama picha inatoa madoa. Nendeni mkiwa wawili, kijana asiende peke yake. Na akisema umtumie PayPal kwa njia ya marafiki na ndugu, kataa, njia hiyo haina ulinzi wa mnunuzi.

Kutoka: Kijana wenu, Minneapolis

Shikamoo shangazi, shikamoo mjomba.

Nakubaliana na mjomba kuhusu pauni 500. Naongeza kwa wale wenye nusu ya hizo: tafuteni kompyuta zinazotolewa maofisini, Dell OptiPlex au HP EliteDesk, zenye i5-8500 au mpya zaidi ili Windows 11 ikubali. Mnaweka RAM, SSD na kadi isiyohitaji waya wa umeme, mfano GTX 1650 ya wati 75. Angalieni ukubwa wa kesi kwanza, maana ile nyembamba inaingia kadi fupi za kimo cha chini tu. Mjue pia kwamba saplai za Dell mara nyingi zina umbo na plagi zake pekee, kwa hiyo kesho mkitaka kadi kubwa mtakwama. Ni mashine ya kutosheka nayo jinsi ilivyo.

Huku Marekani walio karibu na duka la Micro Center waulize kuhusu prosesa, madabodi na RAM zikiuzwa kwa pamoja. Mara nyingi bei yake ni nafuu kuliko kununua kimoja kimoja.

Kutoka: Dada yenu, Reading

Marahaba mwanangu, na kaka ahsante sana. Nimemsomea baba yake barua nzima. Muuzaji wa tangazo nimemuuliza namba, kajibu ni i7-3770, kwa hiyo hilo limekwisha.

Maswali mawili. Baba yake bado anaogopa ile kazi yenyewe ya kufunga. Na la pili, tunafikiria kurudi Tanga baada ya miaka michache. Je, tutaweza kwenda nayo?

Kutoka: Kaka wa Coventry

Dada, kufunga ni kazi ya mchana mmoja na bisibisi moja ya nyota. Baba yake akae pembeni amsomee kitabu cha madabodi, itawapendeza wote wawili.

Waanze nje ya kesi, madabodi ikiwa juu ya boksi lake. Prosesa ina pembetatu ndogo kwenye kona, na soketi ina pembetatu yake. Zikutane, kisha prosesa iachiwe izame yenyewe. Haisukumwi kabisa. AM4 ina pini chini ya prosesa, zikipinda ni kazi. Feni ya boksi ina dawa yake ya joto tayari, asipake nyingine. RAM ziingie tundu la 2 na la 4 kuhesabu kutoka kwenye prosesa, mpaka zilie "tak". Kisha kile kibati cha nyuma cha matundu kiingie kwenye kesi kabla ya madabodi, kama hakijabanwa kiwandani.

Wachunge waya mbili za pini 8 zinazofanana: moja ni ya prosesa, huchomekwa juu kushoto mwa madabodi, nyingine ni ya kadi. Kwa kawaida zimeandikwa CPU na PCIe. Wasilazimishe isiyotaka kuingia.

Ikiwaka, waya wa skrini uchomekwe kwenye kadi, siyo kwenye madabodi. Ryzen 5 5600 haina grafiki zake za ndani, kwa hiyo matundu ya madabodi hayatatoa picha yoyote, na watu wengi huamini wameharibu kitu kumbe ni waya tu. Halafu aingie BIOS awashe XMP, mpangilio wa kasi kamili ya RAM. Bodi za ASUS huiita DOCP. Bila hivyo RAM aliyoilipia kasi ya 3200 itatembea kwa 2133 au 2400.

Kuhusu Tanga: plagi ni ile ile ya pini tatu kama ya Uingereza, na umeme ni volti 230 kwa 50 Hz, hakuna cha kubadilisha. Kinachosumbua ni kukatika na kupanda kwa umeme. Nunueni UPS (betri ya akiba) huko huko, na mchague inayotoa wimbi safi la sine (pure sine wave), kwa kuwa saplai za kisasa nyingine huzima ghafla zikipewa umeme wa wimbi la ngazi kutoka UPS za bei ya chini. Hewa ya bahari ina chumvi na vumbi ni jingi, basi vichujio vya kesi visafishwe mara kwa mara.

Siku ya safari, kadi ya grafiki itolewe kwenye madabodi. Ni nzito, na begi likitupwa uwanja wa ndege inavunja tundu lake. Kadi, SSD na RAM viwe kwenye begi la mkononi, kesi tupu ikibidi iachwe, Dar zipo. Hifadhini risiti zote, mtaulizwa forodhani.

Kijana akishapanga orodha yake aiingize kwenye tovuti ya PCPartPicker, upande wa Uingereza, itamwambia kama kuna vipande visivyokubaliana. Kisha iletwe hapa tuipitie kabla hamjalipa chochote.