Naomba ushauri: Bedford la marehemu baba, nibadilishe injini?

Wakuu, habari zenu. Marehemu baba ametuachia lori la Bedford TJ, lile la pua ndefu lililoanza kutengenezwa mwaka 1958. Utotoni tulilitambua kwa mlio kabla halijakata kona. Akipunguza gia, vioo vya madirisha vilitetemeka, nasi mbio hadi getini. Limeegeshwa miaka mingi sasa. Fundi anashauri nitoe injini yake ya dizeli nifunge ya kisasa, eti spea hazisumbui. Moyo unakataa kabisa. Bila ule mngurumo halitakuwa lori la baba.

Waliowahi kufufua injini iliyokaa muda mrefu, nianzie wapi? Niizungushe kwanza kwa mkono, au nishushe pampu ya dizeli na nozeli zinazonyunyizia mafuta kwenye injini zikapimwe? Na tangi lenye kutu ndani linasafishwaje?