Sisi wa kliniki za shuleni, hadi lini tutapewa vyeti vya kukalia viti?

Wakuu, salamu kwenu. Leo nimekuja kutema nyongo, mnivumilie. Juzi nimetoka semina, na cheti ninacho hapa mezani, kimeandikwa kwamba sasa nimebobea katika huduma za afya rafiki kwa vijana. Cheti chenyewe kilichapwa kabla semina haijaanza. Nilikiona kwa macho yangu asubuhi ya siku ya kwanza, ndani ya boksi chini ya meza ya usajili, jina langu likiwa limeshakosewa herufi moja.

Mimi ni nesi. Kliniki yangu iko ndani ya uzio wa shule ya sekondari: chumba kimoja cha kuonea wagonjwa, pazia, kabati la dawa, benchi nje. Huu ni mwaka wangu wa sita. Asiyeijua kazi hii anadhani tunagawa dawa za kichwa na kufunga magoti yaliyochubuka uwanjani. Hayo yapo, siyakatai. Lakini mtoto wa miaka 15 haji kukwambia "nesi, nimechoka kuishi." Anakuja na tumbo. Jumatatu tumbo, Jumatano tumbo, wiki inayofuata kichwa. Usipojua kuongea naye utampa dawa ya minyoo mara tatu, na faili lake litaonekana safi kabisa.

Kuongea ndiyo kazi yenyewe. Nimehudhuria semina nne sasa, na hakuna hata moja iliyowahi kunikalisha na mtu nikaongea, mwingine akanisikiliza, kisha akaniambia nimeharibu wapi. Hata kwa dakika kumi.

Hii ya juzi ilikuwa ya siku tatu. Ufunguzi ulichelewa kwa sababu mgeni rasmi alichelewa. Tukafanya jaribio la awali, maswali kumi. Siku ya mwisho tukapewa maswali yaleyale kumi, kwa mpangilio uleule. Wote tumepanda! Ripoti itaandikwa kwamba maarifa ya washiriki yameongezeka. Katikati ya majaribio hayo mawili ni slaidi juu ya slaidi. Kwamba kijana balehe, kwa Shirika la Afya Duniani, ni mwenye miaka 10 hadi 19. Hilo nimefundishwa semina zote nne, naweza kulitaja usingizini. Kisha mabadiliko ya mwili wakati wa balehe, na mchoro. Jamani, darasa zima ni manesi na matabibu. Kizazi kiko wapi tunajua.

Siku ya pili baada ya chai ikaja HEADSS, nikakaa vizuri kwenye kiti. Kwa wasio wa fani, huo ni mtiririko wa kuongea na kijana: unaanzia nyumbani kwao, unakuja shule, unapita kwenye anavyopenda kufanya na rafiki zake, ndipo unagusa ulevi na dawa za kulevya, halafu mambo ya ujinsia, na mwisho huzuni na mawazo ya kujiua. Uzuri wake wote uko kwenye huo mpangilio. Unabisha hodi penye wepesi, ukikaribishwa unasogea ndani. Wala si jambo jipya. Goldenring na Cohen waliuchapisha mwaka 1988, nao walikuwa wanaendeleza kazi ambayo Berman aliianza mwaka 1972.

Mwezeshaji aliuweka wote kwenye slaidi moja. Akasoma herufi, akatutaka tuzirudie kwa sauti kama watoto wa chekechea. Akauliza kama kuna swali, akajijibu hakuna, tukaendelea.

Sasa niambieni, swali la kwanza la nyumbani unaliulizaje kwa mtoto ambaye baba yake amehama mwezi uliopita? Ukimuuliza "unaishi na baba na mama?" umeshamfunga mdomo, atakujibu "ndiyo" ili muachane na hayo. Ukimuuliza "nyumbani mnaishi akina nani?" anaanza na bibi, anamtaja mdogo wake, anamruka baba, na wewe umeona pengo bila kuligusa. Hili hakuna aliyenifundisha. Nimelijua kwa kukosea, na waliolipia makosa yangu ni watoto wa watu.

Kilichonipandisha presha zaidi ni dodoso la PHQ-9 la kupima sonona. Wanaolitumia wanalijua: maswali tisa, kila moja kuanzia 0 hadi 3, jumla ya juu 27. Tulifundishwa kujumlisha. Naam, watu wazima tumefundishwa kujumlisha! Kwamba kuanzia 10 ni dalili za kushughulikia, kwamba alama ziandikwe kona ya juu ya fomu. Nikanyoosha mkono. Nikasema mwezeshaji, mtoto anaweza kupata jumla ya 6 tu na bado akawa ameweka alama kwenye swali la tisa, lile linalouliza kama katika wiki mbili zilizopita umewaza kwamba bora ungekufa au umewaza kujidhuru. Huyo nifanye naye nini pale pale, akiwa amekaa mbele yangu na kengele ya kipindi imelia?

Jibu: "Mpe rufaa."

Rufaa kwa nani, Ijumaa saa tisa alasiri? Na kabla ya hiyo rufaa namwambia nini? Namuuliza wazi kama anafikiria kujiua, au nazunguka? Nusu ya darasa bado wanaamini kwamba ukimuuliza mtoto habari za kujiua umempandia wazo. Si kweli, na limechunguzwa vya kutosha: kuuliza moja kwa moja hakumpandii mtu wazo, mara nyingi humtua mzigo. Baada ya hapo unauliza kama ameshafikiria njia, kama hiyo njia iko karibu naye, kama amepanga lini. Humwachi peke yake hata ukienda kupiga simu. Hayo ndiyo yalistahili siku nzima. Tuwe wawili wawili, mmoja mtoto, mmoja nesi, tujikwae, tucheke kwa aibu, turudie mpaka swali litoke mdomoni bila kutetemeka. Maana nawaapia, mara ya kwanza kumuuliza mtoto "unafikiria kujiua?" sauti inakwama. Mimi ilinikwama. Nilikohoa nikamuuliza kama amekula.

Na msiseme kuongea ni mambo ya hisia tu, dawa ndiyo tiba. Chukulia binti aliyebakwa Ijumaa jioni. Jumatatu asubuhi anakuja kliniki, anasema kichwa. Dawa za kinga dhidi ya VVU zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, na mapema zaidi ndiyo bora, kisha zinamezwa siku 28. Kutoka Ijumaa jioni hadi Jumatatu jioni saa zimekwisha. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba vina hadi siku tano, lakini navyo nguvu hupungua kila siku inayopita. Akiondoka kwangu na vidonge vya kichwa kwa sababu sikujua kumpa nafasi ya kusema, stoo ikijaa dawa zote hizo itamsaidia nini?

Wenye fani hii wanajua fika kwamba semina ya kukaa haimbadilishi mtu. William Miller, aliyeasisi ile mbinu ya mahojiano ya kumtia mtu motisha ambayo nayo tuliisomewa kwenye slaidi, mwaka 2001 alichapisha na mwenzake utafiti mdogo kuhusu warsha yao wenyewe. Washiriki walijiona wameiva. Kanda za maongezi yao halisi zikaonyesha mabadiliko kidogo, na wateja wao hawakuongea tofauti na mwanzo. Mwalimu mwenyewe amepima somo lake akakuta halishiki bila mtu kukusikiliza na kukurekebisha baadaye. Sisi tunapimwa kwa maswali kumi ya kuchagua.

Halafu kuna mlango. Mezani kwa mapokezi kwetu kuna dada mmoja, mtu mwema sana, namheshimu. Siku moja, mbele ya wavulana kama wanane waliokuwa kwenye benchi, alimuuliza binti kwa sauti yake ya kawaida, "Wewe ni kwa lile la jana?" Binti aligeuka akaondoka. Sikumwona tena muhula mzima. Mimi nilikuwa ndani na usiri wangu wote, kabati limefungwa, faili limefungwa, kumbe siri imeshamwagika hatua tano kutoka mlangoni.

Simlaumu dada. Hajawahi kualikwa semina yoyote. Wala mlinzi, ambaye kila akimwona mwanafunzi anakuja upande wetu anamhoji anaumwa nini. Wakati vigezo vya Shirika la Afya Duniani vya huduma bora kwa vijana balehe, vya mwaka 2015, viko vinane, na cha nne, hicho cha uwezo wa watoa huduma, kinataja wazi kwamba wahudumu wasaidizi nao walinde faragha na heshima ya kijana. Mwezeshaji alikionyesha kigezo hicho hicho ukutani, kwenye ukumbi usio na mhudumu msaidizi hata mmoja.

Kuhusu mwalimu mkuu nitasema kwa ufupi, sitaki kesi. Kliniki ya shule ina mwenye nyumba, na mwenye nyumba akitaka kuona daftari la wagonjwa unahitaji maneno ya kumkatalia bila kumvunjia heshima. Maneno hayo nimeyatunga mwenyewe baada ya kukosa usingizi: "Mwalimu, idadi nitakupa na aina za matatizo nitakupa, majina yako chini ya kiapo changu." Semina ilifanya nini? Nusu saa nzima tulisomewa kesi ya Gillick ya Uingereza, ya 1985, iliyosema kwamba mtoto wa chini ya miaka 16 anaweza kuridhia matibabu yake mwenyewe ikiwa ana ufahamu wa kutosha. Kesi nzuri, nimejifunza. Ila mahakama ya Uingereza haina mamlaka ofisini kwa mwalimu wangu mkuu, na hakuna aliyetueleza sheria inayotuhusu sisi inasemaje, wala tunamwambiaje mtoto mwanzoni kabisa kwamba siri yake nitaitunza isipokuwa pale uhai wake au wa mwenzake utakapokuwa hatarini, au pale ambapo kuna mtu anamdhuru. Usipomwambia mapema, siku utakapolazimika kusema atakuona msaliti, na atakuwa na haki.

Ninachotaka si ukumbi mkubwa zaidi. Watupunguzie siku za slaidi, watuletee vijana walioandaliwa kuigiza wagonjwa, tuongee nao huku mtu mwenye uzoefu anatazama. Mtu huyo huyo aje kliniki baada ya mwezi, akae pembeni kwa ruhusa ya mtoto, anikosoe. Kuwe na namba ya kumpigia nikikwama. Mapokezi na mlinzi waitwe, hata kwa asubuhi moja. Basi.

NYONGEZA: Nimeona majibu. Aliyesema "shukuru angalau mmepelekwa semina," mkuu, mimi nikienda semina siku tatu kliniki inafungwa siku tatu. Hakuna wa kunishikia. Niliporudi nilikuta karatasi imesukumwa chini ya mlango, mwandiko wa mtoto: "Nesi utarudi lini?" Haina jina. Nimezunguka madarasa mawili natoa kisingizio cha kukagua sanduku la huduma ya kwanza, natazama nyuso, sijampata.

Na aliyeuliza kwa nini sikuyasema hayo kwenye fomu ya tathmini: niliyasema, ukurasa mzima na nyuma yake. Leo imekuja barua ya mwaliko wa awamu ya pili. Mada ni zilezile. Wanaomba kila mshiriki atume mapema saizi yake ya fulana.