Kuzungusha maji ya baridi bila pampu wala umeme: nimekosea wapi?

Mfugaji_Kibaigwa
Mbukwenyi wakuu. Nipo ndani kidogo ya Kibaigwa, nguzo za umeme ziliishia barabarani. Maziwa ya jioni, kama lita 40, mnunuzi huyafuata asubuhi na pikipiki. Joto hili la Novemba, mara mbili kwa wiki anayakuta yameshachachuka na ananirudishia.

Nimechukua friza bovu, nikatoa mashine, nikabaki na boksi lake la kuwekea makopo ya maziwa. Pembeni yake, chini sakafuni, kuna pipa la barafu na chumvi nililolivalisha magunia. Vyote viwili nimeviunganisha kwa paipu ya shaba ya robo inchi, inazunguka na kurudi, nimeifunga kabisa na kuijaza yale maji ya kijani ya rejeta ili yasigande. Barafu nanunua mjini, sijui limetengenezwa kwa maji gani, ndiyo maana sitaki liguse makopo.

Sasa maji hayazunguki. Paipu kwenye pipa imeota barafu nyeupe kama sembe, ukipandisha mkono hatua moja tu unakuta vuguvugu. Pampu ya sola bei imenishinda. Marehemu babu alikuwa na friji la mafuta ya taa, halikuwa na pampu. Lile lilifanyaje?

Fundi_Baridi
Mkuu, pipa umeliweka chini. Maji ya baridi ni mazito, yameshafika chini, yapande juu kutafuta nini? Pandisha pipa juu ya boksi, hata mita moja. Ya baridi yatashuka, yaliyopata joto la maziwa yatapanda kurudi kwenye barafu.

Friji la babu lilikuwa na moto. Utambi ulichemsha maji yenye amonia, mapovu yakayasukuma maji juu kwenye kipaipu chembamba, mengine yote yakashuka kwa uzito wake. Ndiyo maana wazee walikuwa wanalipigia kabari, likiinama tu halipoozi.

Halafu hiyo robo inchi itupe. Lita ya maji ya nyuzi 20 na lita ya maji ya nyuzi 4 hazitofautiani hata gramu 2, na hizo gramu ndizo pampu yako. Weka paipu ya inchi moja, kona chache, mteremko usiopanda na kushuka katikati. Palipo juu kabisa weka valvu ya kutoa upepo, maana puto moja la hewa linazima kila kitu. Acha na kichupa chenye nafasi ya maji kutanuka.

Mfugaji_Kibaigwa
Pipa likijaa ni mzigo, kaka. Ntalijengea meza ya mbao za mkaratusi. Barafu kiasi gani?

Fundi_Baridi
Lita 40 kutoka nyuzi 35 hadi 10 ni kama kilo 12 za barafu, hapo hujahesabu joto linalopenya kwenye boksi. Nunua 20. Na makopo yawe ya alumini, yakae ndani ya maji safi humo kwenye boksi na paipu ipite kwenye hayo maji. Ukipoza hewa tupu utakesha.

Nesi_wa_Zahanati
Samahani naingilia. Hayo maji ya kijani ya rejeta ni sumu, na ni matamu. Paipu ikivuja karibu na maziwa ya watoto hutajua. Yamwage leo, suuza mpaka uchoke.

Chumvi nayo acha. Barafu bila chumvi linabaki nyuzi 0, maji matupu ndani ya paipu hayatapasua kitu. Ila jua hili, tunaliona kwenye friji za chanjo: maji huwa mazito kabisa yakiwa nyuzi 4, yakizidi kupoa yanakuwa mepesi tena. Ya nyuzi 0 na ya nyuzi 8 uzito wake karibu sawa. Kwa hiyo boksi likikaribia 8 mzunguko utalegea wenyewe. Usidhani pameziba ukaanza kufungua.

Mfugaji_Kibaigwa
Mrejesho. Meza imekaa, maji matupu, paipu ya inchi. Usiku wa kwanza kimya kabisa, nikatoa upepo, paipu ikakohoa mara tatu, baada ya nusu saa paipu ya kushuka ikawa baridi mpaka chini. Saa 11 alfajiri kipimajoto kwenye maji ya makopo kilisoma 11, mnunuzi kapokea yote. Dada nesi, yale maji ya kijani nimeyafukia mbali na kisima.

Limebaki moja: paipu inatoa jasho usiku kucha na mbuzi wamejua, wanakuja kuilamba. Nimeifunga magunia, wanakula magunia.