Nimechaguliwa kuonyesha vyungu Ujerumani: vinafungwaje, na mhadhara unatolewaje?

BodaMfinyanzi (mwanzisha uzi)
Mulembe wadau. Mimi ni kijana wa Ilesi, hapa kando ya barabara ya Kakamega kwenda Kisumu, pale vyungu vimepangwa mpaka ukingoni mwa lami. Mwaka jana niliona tangazo la maonyesho ya ufinyanzi huko Ujerumani, nikatuma picha tano na maelezo kidogo. Wiki mbili zilizopita wamenijibu. Wamechagua vyungu vitatu, na wanataka niende nikae siku kumi, nitoe na mhadhara.

Naomba ushauri wa mambo mawili tu. Chungu kinafungwaje kisivunjike kwenye ndege? Na mhadhara wa dakika arobaini, mtu anasema nini muda wote huo? Mimi ni mtu wa boda, maneno yangu ni "unaenda wapi" na "ongeza hamsini". Tangu barua ije sijalala vizuri. Tafadhali tusiulizane mambo mengi, muda ni mfupi.

MamaKibuye
Hongera mwanangu! Mimi nauza vyungu soko la Kibuye, Kisumu, mwaka wa kumi na tisa huu, nimevitoa huko kwenu Ilesi vingi kuliko nywele zangu. Sikiliza. Chungu usikiinue kwa mdomo hata siku moja, shika kitako na ubavu. Jaza karatasi ndani mpaka shingoni, lakini usishindilie. Kiweke kwenye boksi, hilo boksi liweke kwenye boksi kubwa zaidi, na katikati ujaze kitu laini pande zote, chini na juu pia. Mkono wako ukiingia kati ya chungu na ukuta wa boksi, bado hujajaza.

Nyasi kavu ni nzuri kwa matatu, kwa ndege sijui kama watakubali majani. Mwaka fulani makanga mmoja alinipangia vizuri kabisa vyungu kumi na viwili, nikamshukuru na soda. Kufika Chavakali akaongeza gunia la vitunguu juu. Nilishuka Kisumu na vigae na harufu ya vitunguu. Nilimfuata mpaka stendi, akaniambia mama, hata wewe mbona hukusema ni vyungu?

Wuod_Nyakach
Omera, sema tu kwamba chungu ni friji isiyokula tokeni. Maji yanapenya taratibu kwenye kuta, yanakauka nje, yanaondoka na joto. Wazungu watapiga makofi. Dakika tatu hizo, zilizobaki thelathini na saba wafundishe kupigana kwa mafahali kama kwenu Khayega.

MstaafuWaChaki
Vijana wa leo mnakimbilia kucheza kamari kwenye simu huku utajiri uko chini ya miguu yenu. Nafurahi kuona mmoja ameamka. Katika mhadhara usikose kumtaja mfinyanzi Magdalene Odundo, mzaliwa wa Nairobi, 1950. Alikwenda Uingereza 1971, na miaka ya sabini hiyohiyo akaenda Nigeria, kituo cha ufinyanzi cha Abuja (mji wa zamani, leo Suleja, si mji mkuu), akakaa na kina mama wafinyanzi pale, akiwamo Ladi Kwali. Vyombo vyake anavijenga kwa mkono bila gurudumu, anavisugua mpaka vinang'aa, na chombo kikinyimwa hewa motoni kinatoka cheusi. Mwaka 2020 akapewa cheo cha Dame, heshima kubwa ya Uingereza. Hayo ndiyo mambo ya kusoma, si mipira ya Uingereza.

KaziMajuu254
Mwalimu asante, sasa turudi duniani. Ndugu, viza ya Schengen ni euro 90 tangu Juni 2024, na wakikunyima hairudi. Unahitaji barua ya mwaliko inayosema nani analipa malazi, na taarifa za benki. Swali langu ni moja. Kuna pesa yoyote umeambiwa utoe?

BodaMfinyanzi
Asanteni wote. Mama, hiyo ya mkono nimeielewa. @KaziMajuu254 ni ada ya ushiriki tu, euro 450. Nusu nimeshatuma.

KaziMajuu254
Umeshatuma. Kisha unakuja kuuliza kuhusu karatasi za kufungia.

BodaMfinyanzi
Mahali ni pa kweli, nimeona tovuti na picha za miaka iliyopita. Kila mahali kuna ada. Hata kuuza kwenye soko la kaunti unalipa ushuru.

KaziMajuu254
Si kila mahali. Ile tuzo ya ufundi ya LOEWE Foundation, mshindi anapewa euro 50,000 na kuingia ni bure. Sisemi umeibiwa, wengine hutoza ada kihalali. Nasema pesa ikitoka kwako kabla ya kitu chochote kuja kwako, unauliza kwanza. Na soma masharti yao, wengi wanataka kazi iwe umeitengeneza wewe mwenyewe na iwe ya miaka ya karibuni.

Udongo_Nakuru
Nafinyanga hapa Nakuru, nina tanuri dogo la umeme, kwa hiyo nina maswali ya kifundi. Udongo wako unauchanganya na nini? Unachoma kwa kuni gani, kwa muda gani? Watakuuliza, maana moto wa wazi kwa kawaida hauvuki sana digrii 800, na chombo cha namna hiyo ni dhaifu kuliko walivyozoea wao. Pia mwaliko mwingi wa namna hii huwa na kufinyanga mbele ya watu. Wamekuomba?

BodaMfinyanzi
Udongo tunachimba bondeni mtoni, tunachanganya na vigae vilivyotwangwa. Moto ni nyasi na kuni, vyungu vinapashwa kwanza. Hiyo ya mbele ya watu wameandika, ndiyo. Nitaona hukohuko.

Udongo_Nakuru
Utaona hukohuko? Mfinyanzi hasemi hivyo. Niambie shingo ya kile chungu kirefu uliianzaje. Uliacha mwili ukauke kiasi gani kabla ya kuongeza pingili za udongo?

MamaKibuye
Mwanangu jibu, huyu anauliza vizuri.

Wuod_Nyakach
Kimya. Boda imeisha mafuta.

BodaMfinyanzi
Nilikuwa na abiria.

Sawa. Vyungu ni vya kukhu, mama yake baba. Ana miaka 79. Lakini msikimbilie kunihukumu. Udongo nachimba mimi, na kuubeba ni mimi, maji ya mtoni ni mimi, kuni ni mimi. Kuchoma tunachoma pamoja kwa sababu hawezi tena kuinama karibu na moto. Picha ni zangu, maelezo niliandika mimi, simu ni yangu. Yeye hajui hata kutuma ujumbe. Wasanii wakubwa wote wana wasaidizi wanaowafanyia kazi, na jina linabaki moja. Fomu ilikuwa na nafasi ya jina moja, nikaandika langu. Nikipata kitu nitamjengea nyumba.

MstaafuWaChaki
Nafuta pongezi zangu.

MamaKibuye
Wasaidizi hulipwa, baba. Na hapo msaidizi ni nani?

BintiWaLurambi
Mimi nitamtetea kidogo. Kwetu wazee wanafinyanga, vijana hawataki hata kugusa udongo, wanaona ni uchafu. Huyu anachimba na kubeba. Shangazi yangu aliacha kufinyanga si kwa uzee, aliacha kwa kukosa wa kumletea udongo.

Udongo_Nakuru
Kuchimba ni kazi, sibishi. Lakini mwalimu amemtaja Ladi Kwali hapo juu, na habari yake inahusu. Vyungu vyake vilikuwa kwenye jumba la Emiri wa Abuja, mfinyanzi Mwingereza Michael Cardew akaviona huko, na 1954 mama akajiunga na kituo chake, hichohicho cha Abuja. Vyombo vyake vilitiwa alama ya LK. Leo nyuma ya noti ya naira 20 kuna mama huyo na chungu chake. Hakuna noti yenye picha ya aliyemletea udongo.

Wuod_Nyakach
Wala ya boda aliyemfikisha.

HarufuYaUongo
Nimesoma kimya tangu mwanzo. Huu uzi umetungwa. Kwanza picha tano, vyungu vitatu, hakuna hata picha moja ameweka hapa. Pili, mtu wa boda ana euro 225 za kutuma kwa watu asiowajua? Tatu, ghafla kuna bibi mzee asiyejua simu. Subirini, posti mbili mbele itakuja namba ya M-Pesa na "chochote ulichojaliwa". Niliona hadithi kama hii ya mtoto mchonga mawe wa Tabaka, mwisho akawa mtu mzima wa Rongai.

KaziMajuu254
Hata mimi nimeanza kunusa. Vyungu vingine viwili viko wapi?

BodaMfinyanzi
Sijaomba shilingi ya mtu. Pesa niliuza tairi mbili mpya na betri, na nyingine ni deni.

Viwili havipo kwa sababu vililipuka. Nilivipiga picha vikiwa vibichi kwa sababu vilikuwa vizuri, tukavichoma Aprili na mvua ilikuwa haijatuacha. Kukhu alivigusa shavuni akasema bado ni baridi, vina maji. Mimi nilikuwa na haraka ya soko. Kimoja kilipasuka kama bunduki, kikachukua na mwenzake.

Picha sitaweka, mtaiba. Lakini nitawaambia kitu. Chini ya mdomo wa kila chungu chake kuna mstari mwembamba unaozunguka, na sambamba nao kuna mwingine hafifu kama uzi, unapotea na kurudi. Ukucha wa kidole gumba chake cha kulia umepasuka katikati, jembe lilimkata kabla sijazaliwa, haukuunga tena. Akizungusha kidole kulainisha shingo, ukucha unaandika mara mbili. Wale wa Ujerumani wameniandikia kwamba mstari huo ndio uliowafanya wavichague. Wanataka nieleze maana yake kwenye mhadhara, kisha niuchore mbele ya watu.

Mimi nina ukucha mzima. Nimejaribu kwa msumari, kwa mwiba, kwa kipande cha kibuyu. Haitoki.

HarufuYaUongo
Hiyo ya shavuni hata mama yangu alikuwa anafanya. Nimenyamaza kwa muda. Kwa muda.

Udongo_Nakuru
Yeye ni sahihi. Chungu chenye maji ndani ya ukuta kikifika digrii mia, mvuke hauna pa kutokea. Shavu lake ni kipimo kizuri kuliko changu cha dukani.

Sasa andika barua leo. Waambie jina la mfinyanzi, waambie wewe ni nani katika kazi hiyo, uliza kama ada inaweza kurudi. Wakikataa, umejua.

BodaMfinyanzi
Wakifuta kabisa je? Nimeshamwambia mjomba. Kanisani wamenitangaza.

MamaKibuye
Kukhu mwenyewe umemwambia?

BodaMfinyanzi
Bado.

BintiWaLurambi
Na vyungu vyenyewe visiwe vya ukoo. Vya zamani sana vina sheria, ile ya makumbusho na turathi ya 2006. Kilichotengenezwa kabla ya 1895 hakitoki nchini bila kibali.

Wuod_Nyakach
Kukhu ana miaka 79, yuko salama kwa mbali.

BodaMfinyanzi
Nimetoka kwake sasa hivi. Nimemwonyesha barua kwenye simu, nikamsomea kwa Kiisukha. Nimemwambia na ya jina.

Aliuliza huko wataweka nini ndani ya vyungu. Nikasema hakuna, vitawekwa mezani watu wavitazame. Akauliza, bila maji? Bila mahindi? Akacheka mpaka akashika ukuta. Ya jina hajasema kitu. Halafu akaniambia kile kirefu kinavuja, ndiyo sababu alikuwa anawekea ndani mbegu za wimbi, na niwaambie wasije wakadai pesa yao.

Nimeanza kuandika barua. Nimefika "Ninaomba radhi". Neno la Kijerumani la nyanya ni lipi?

KaziMajuu254
Oma. Andika jina lake kamili kwanza, Oma baadaye.

MamaKibuye
Mwanangu, huku nyuma, kukhu ana mitungi ya maji ya lita ishirini? Nina mteja Kondele anataka sita kabla ya Jumamosi. Na safari hii wewe mwenyewe ukae navyo kwenye matatu.